Sahihi Iliyopungua

"Shoga, huyo mgombea asiye na chama, huko Bungeni atakaa na nani?" Hazel alimwuliza jirani yake Ardis Tveit, mjane wa miaka themanini. Ardis hakujua. Alichojua ni kwamba kila mlango wa mji wao wa Dakota Kaskazini mtu yule aliubisha akiwa ameshavua kofia, na kalamu ya kukusanyia sahihi za wadhamini aliifuta kifuani kabla ya kumpa mtu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya aliyechelewa ibada. Wapinzani wake hakuwasema.

Alhamisi saa kumi na nusu mgombea alirudi kwa Ardis. Karani wa kaunti alikuwa amezikataa sahihi kadhaa, ikapungua moja tu jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, na ofisi inafungwa saa kumi na moja. Ardis alikuwa amesaini kama wanawake wa rika lake, kwa jina la mumewe: Bi. Orval Tveit.

"Kwani nimekosea? Miaka hamsini nasaini hivyo!"

"Hujakosea, mama. Daftari la wapiga kura ndilo halimjui huyo."

"Ama Orval! Kaniponza hata akiwa kaburini."

Mgombea alimwacha acheke mpaka amalize, wala hakutazama saa. Kisha akaishika karatasi kwa mikono miwili isiteleze mezani.

"Naomba uniandikie jina lako mwenyewe."