Mstari wa Chaki kwenye Mtutu

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu aliilaza bunduki mezani, kando ya kahawa na mkate wa mahindi, penseli sikioni, fomu ya serikali mbele yake. Alikuwa mfupi. Kila alipomkimbilia mbweha, mtutu ule mrefu uligonga mlango wa banda, na mbweha akaondoka na kuku wake. Kwa hiyo alikwisha kuchora mstari wa chaki mahali pa kukata. Lakini sheria yetu inasema mtutu ukiwa chini ya inchi kumi na sita, lazima kwanza uiandikishe bunduki, utoe picha na alama za vidole, usubiri kibali. Alilamba kidole kila alipofunua ukurasa, akanisomea kwa sauti, maana kusoma kwangu ni kwa kubabaisha.

Jirani yetu Virgil, aliyekuja kuazima ngazi, akacheka. "Shemeji, kata tu! Nani atakuja na rula kwenye banda la kuku?"

"Wewe ukinywa bia mbili tu, Virgil, kaunti nzima itajua."

Mke wangu akaufuta mstari kwa kidole gumba, akauchora tena, akaufuta. Ndivyo alivyowaza siku zote, hata akikata kitambaa cha gauni. Nikamwambia akate, mimi sitasema kitu. Akanitazama juu ya miwani, akacheka hadi kahawa ikamwagika, kisha akatia sahihi fomu.

"Nikitangulia, mzee wangu, wewe ndiye utakayekutwa na bunduki hii, na wewe hujui kudanganya hata kuku."