Upepo wa Honi

Pale Msamvu fundi Kondo alikuwa akifunga honi za treni kwenye malori, nami nauza matairi jirani yake. Kelele zake zilinitoboa masikio miaka tisa. Lakini sijaona fundi mwenye kazi safi kama yake, na nitabishana na yeyote.

Honi hizo zinakula upepo mwingi. Zinahitaji tangi la peke yake, mbali na tangi la upepo wa kushika breki, na kulifunga ni kazi ya saa mbili. Mwaka juzi Athanas, dereva wa kabichi za Mgeta na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alileta lori lake la zamani. Kule mlimani wakulima huteremsha mizigo wakisikia honi ya lori lao, na honi yake ilikuwa haifiki tena vijiji vya juu. Honi mpya ikafungwa, tangi bado. Simu ikaita. Athanas akasikiliza, akakata.

"Kondo, unganisha kwenye upepo wa breki tu. Tangi Ijumaa."

Kondo alikataa, kisha akakubali. Mimi nimeshindwa kumsamehe kwa hilo, wala yeye hajisamehe.

Jioni ile Athanas aliteremka na kabichi, akipiga honi kila kona ili waliobaki walete mizigo. Upepo ukaisha. Kona ya nne breki hazikushika. Tulimzika Alhamisi.

Kondo akaacha honi kabisa, akabaki kubadilisha balbu za taa.

Wiki iliyopita Rehema, mjane wa Athanas, alikuja na honi ileile, imebonyea, ameifunga kwenye kanga. Nyuma yake lori jingine liliingia.

"Shemeji, hili ndilo linabeba kabichi zetu sasa. Kule juu tumezoea sauti hii. Ifunge."

Kondo aliipokea honi, akaanza na tangi. Rehema alikaa juu ya tairi langu akimtazama. Kazi ilichukua muda wa saa mbili kamili.

"Ni muda huu tu?" akauliza.

"Ni huu tu, shemeji. Nisamehe. Ningemkatalia."

Rehema aliikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Aliyempigia simu siku ile ni mimi. Nilimwambia kabichi zinaungua na jua barabarani, awahi."

Kondo akaketi chini kando yake. Hakuna aliyeijaribu honi.