Kiwanja cha Oktoba

Juzi, mvua za Aprili zikimwagika, kwenye ofisi ya kijiji kimoja hapa Kyela, mfanyabiashara aliyekunja suruali hadi magotini alimnyooshea kidole mzee mmoja.

“Mzee, umeniuzia mto!”

“Mwanangu, Oktoba kilikuwa kiwanja,” mzee akajibu, akijikuna kidevu. “Kwani matete hukuyaona?”

“Niliyakata, nikaezekea jiko.”

Yaani onyo la mto kalifanya paa! Aliona tambarare, akadhani amesawazishiwa yeye, kumbe uwanda huu wote ni udongo ulioshushwa na mito kutoka milimani, na kila masika mito huurudia. Mjinga huyo nimemwelewa. Aliyenichefua ni mzee, mzaliwa wa hapa hapa. Akitoka, alimnong'oneza mama mmoja mlangoni: “Kiwanja kipo. Njoo Oktoba.”