Mishale Ukutani kwa Mama

Sijawahi kuomba radhi kwa ajili ya ule ukuta, na leo siombi.

Tulikuwa tumehamishwa mwaka uliotangulia, enzi za operesheni ya vijiji vya ujamaa, kutoka vilima vya upande wa Zombo hadi kijiji kipya karibu na barabara ya Mikumi, nyumba zimepangwa kama matuta ya viazi. Mimi nilikuwa kidato cha sita, nimerudi likizo, na mtihani wa kemia ulikuwa unaningoja. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wasichana wanne, nacho kimebaki shuleni. Karatasi ndiyo usiulize. Nikachukua mkaa, nikaugeukia ukuta wa mbele wa nyumba ya mama.

Juu niliandika msawazo: mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma, na ile kanuni kwamba ukiubana upande mmoja, wenyewe unasogea kuupunguza mbano. Katikati nikaweka hewa, jinsi radi inavyounganisha naitrojeni na oksijeni, mvua ikashusha mbolea shambani. Chini nikachora molekuli za pembe sita, na mishale iliyopinda kuonyesha elektroni zinatoka wapi zinakwenda wapi. Mishale ilikuwa mingi kwelikweli.

Sasa, kijijini kwetu mshale ulikuwa na maana moja tu. Mabwana wa wilaya walikuja kutuhamisha na ramani: viboksi ni nyumba, mishale ni watu. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alipita akienda kisimani, akasimama, akatazama. Mchana nikamkuta anafunga kuku wake miguu.

"Shikamoo bibi. Unasafiri?"

"Marahaba. Si tunahamishwa tena? Nimeona ukutani kwenu. Safari hii kuku wangu siwaachi ng'o!"

Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikamweleza. Lakini habari ilishafika kwa mwenyekiti wa kijiji, na yeye hakucheka. Alikuja na wanamgambo wawili, akaukagua ukuta, mikono nyuma.

"Nani kakupa ramani hii? Mbona mimi sijaarifiwa?"

Kumbe hilo ndilo lililomuuma, watu wahamishwe yeye asijue.

"Si ramani, mzee. Ni kemia. Zinazohama ni elektroni."

"Zinahamia kijiji gani?"

Mwanamgambo mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akavimba. Akasema msichana anayechochea wananchi hastahili kusomeshwa na taifa, na neno lake moja wilayani lingetosha nisikanyage chumba cha mtihani. Ilikuwa kweli, na wote tulijua.

"Kesho asubuhi nikute ukuta huu umekandikwa. Wote!"

Nikafungua mdomo nimjibu, mama akanikanyaga mguu.

"Tumesikia, Mwenyekiti," alisema. "Utakandikwa."

Nilimkasirikia mama, tena sana. Kunyenyekea kote kule kwa nini? Alichimba udongo, akaumwagia maji, akaukanyaga, akaanza kuutandaza kwa viganja. Msawazo ukazama, radi ikazama, mishale ikazama. Machozi ya hasira yalinitoka mbele ya kila aliyepita, na sikuyafuta.

Mama alipomaliza alinawa mikono, akachomoa kijiti kwenye ufagio, akanipa.

"Amesema tukandike, tumekandika. Udongo bado mbichi. Unayakumbuka au huyakumbuki?"

Nilimtazama. Hakuwa akitabasamu hata kidogo. Nikaanza juu, kwenye msawazo, nikashuka, na nilipokosea mama alipitisha kiganja nikaandika upya. Niliyakumbuka yote.

Asubuhi udongo ulikuwa umeshakauka. Mwenyekiti akaja, akapitisha kidole ndani ya mshale mmoja.

"Nilisema mkandike!"

"Umekandikwa, Mwenyekiti," mama alisema. "Gusa uone."

Bibi mjane alikuwa amesimama na ndoo yake. "Elektroni hizo, baba," akamwambia. "Sisi hatuendi popote." Watu wakaangua kicheko, wanamgambo nao wakacheka, safari hii bila kukohoa. Mwenyekiti akaondoka. Wilayani hakusema neno. Angewaambia nini, kwamba kashindwa na ukuta?

Mtihani niliufanya, nikafaulu. Siku matokeo yalipofika, mama alichimba udongo mwingine, akaukandika ukuta wake kwa sababu yeye mwenyewe ametaka.