Budeiri Aliyejiuza Mwenyewe

Mama yake Budeiri na mimi tuliuza ubavu kwa ubavu karibu na Mlango wa Zuweila, yeye maharage, mimi mikeka. Kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho, na yaliyobaki Budeiri mwenyewe alinipa. Hakuwa mchoyo wa maneno.

Alikuwa na miaka kumi na minane, nywele nyekundu, macho ya kijani, Mungu ndiye ajuaye ni ya babu gani. Alitaka farasi. Lakini katika Kairo yetu farasi, upanga na nyama ya kila siku vilikuwa vya Mamluki, na Mamluki ni mtu aliyenunuliwa mbali angali mtoto, akafunzwa vita, kisha akaachwa huru atutawale. Hata sultani aliwahi kusimama sokoni akikaguliwa meno. Sisi tuliozaliwa huru tulipanda punda.

"Mama, kosa lako ni kunizaa hapa," Budeiri akasema siku moja.

"Kosa langu ni kukulisha. Koroga chungu!"

Akakoroga, kisha akamwendea dalali mmoja wa watumwa, jina lake Zureki, mtu asiye na haya hata ya kukopa.

"Kituruki cha Mamluki unakijua?"

"Hata neno."

"Basi umetoka milima ya mbali, ambako Waturuki wenyewe hawafiki. Ukiulizwa kitu, bwabwaja."

Zureki akamuuza kwa Amiri Altunkaya, akatoweka na fedha yote. Mama aliambiwa mwanawe kaenda Dimyati kuvuna mpunga.

Kambini wakampa jina jipya, Kutlubek, na kanzu ya rangi ya manjano, na farasi! Alianguka mara tisa siku ya kwanza, akacheka mara zote tisa. Wenzake walipomsemesha, alijibu, "Brukhu damaluk tufi!" nao wakaitikia kwa heshima, kila mmoja akiona haya kukiri kwamba lugha hiyo haijui.

Shida ilikuwa Shehe Munji, mwalimu wa Kurani. Wageni wale humchukua miezi kuwafundisha Alhamdu, ndimi zikigongana na herufi. Budeiri alijisahau, akaisoma yote asubuhi ya kwanza bila kukosea. Mzee wa watu akalia machozi. Akaenda mbio kwa Amiri.

"Bwana wangu, umenunua walii!"

Amiri akafurahi mno. Ijumaa akaalika maamiri wenzake, ili waje wamsikie mshenzi wa milimani aliyefunguliwa kifua na Mola. Budeiri akasoma, wageni wakatikisa vilemba. Kisha chakula kikaletwa, na katikati ya sinia bakuli la mlenda. Amiri, kwa mapenzi, akamwita walii wake aonje wa kwanza.

Budeiri akaonja. Akasahau milima, akasahau jina, akapayuka kwa Kiarabu cha mjini.

"Jamani! Nani kaupika mlenda huu bila kitunguu saumu? Mama yake hakumfunza? Huu hata paka wa Zuweila angeutemea mate!"

Shehe Munji akajifunika uso kwa mkono wa kanzu. Amiri mmoja wa kando akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

Wageni walipoondoka, Altunkaya akamkalisha chini. Budeiri akaeleza yote.

"Kumbe unaye mama?" Amiri akauliza.

"Ninaye, bwana wangu. Anauza maharage."

"Mimi nilichukuliwa nina miaka tisa. Kulikuwa na theluji. Sauti ya mama yangu naikumbuka, uso hapana. Na wewe mwanaharamu umejiuza huku wako yuko mtaa wa pili."

Akaagiza mama aletwe. Nilimsindikiza, maana miguu ilimwisha nguvu alipowaona askari. Lakini alipomwona mwanawe, nguvu zikarudi. Alimpiga makubadhi mbele ya walinzi, halafu akamgeukia Amiri.

"Na wewe, baba! Mtu mzima na ndevu zako, unanunua mtoto wa watu bila kumuuliza mama yake nani?"

Walinzi wakashika panga. Altunkaya akainamisha kichwa.

"Niwie radhi, mama," akasema.

Kumrudisha Budeiri ilikuwa aibu, kumbakiza mtumwa ilikuwa haramu. Basi Amiri akaita mwandishi, akamwacha huru kwa hati yenye muhuri na mashahidi wawili, yeye aliyezaliwa huru umbali wa kutupa jiwe. Kisha akamwajiri awafundishe wageni wapya Kiarabu cha mjini.

Kazi ile aliifanya miaka ishirini. Ndiyo maana, ukimkanyaga mguu Mamluki wa nyumba ya Altunkaya, mrefu, mweupe, aliyetoka kwenye theluji, atakutukana kama muuza vitunguu wa Zuweila, na matusi yote yatakuwa fasaha.