Watalii Wangu wa Kibuye

Tangazo lilitaka mtu anayezungumza Kiingereza tangu utotoni, mchangamfu, aliye tayari kuhamia Uturuki kuwapokea na kuwatembeza wageni wa hoteli moja ya baharini. Nilijaza fomu bila kusita. Penye lugha ya kwanza nikaandika Kiingereza. Mama, ambaye huuza mitumba sokoni Kibuye, alikuwa nyuma yangu akikunja nguo. Akauliza nimeandika nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la masweta.

"Nyathina, mwanangu, wewe ulizaliwa kijijini Luanda Kotieno. Ulilia na Dholuo. Mimi nilikuwa hapo."

Nyani haoni kundule. Nilijiona msomi. Nilikuwa na digrii ya utalii kutoka Maseno na miaka miwili ya kukaa mapokezi kwenye hoteli ndogo ya mjini, ambako karibu wageni wote walikuwa watu waliokuja mazishini. Kiingereza changu kilikuwa cha chama cha mdahalo. Nikiomba chumvi mezani, watu husubiri nimalize hoja. Lakini kazi ile niliitaka kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nalala kwa mama yangu, na dada yangu aliyekwenda Uarabuni alikuwa ameishi huko miaka saba na kuzaa huko huko. Niliona zamu yangu imefika.

Hoteli ikajibu: tuma video ukiwatembeza wageni mahali unapopajua vizuri. Sikuwa na mgeni hata mmoja. Mama akasema wageni si shida. Jumamosi asubuhi akafika ufukweni Dunga, kando ya ziwa, na wenzake sita wa kikundi cha akina mama wa kanisa, wote wamevaa kofia pana na miwani ya jua kutoka kibanda chake. Mmoja alivaa koti la kuteleza kwenye theluji. Simu ya kurekodi akaishika Mama mwenyewe, kwa kuwa, alisema, mkono wake hautetemeki.

Nilianza vizuri. Nikatangaza ukubwa wa ziwa kwa sauti ya mtu anayelizindua. Gugu maji lililoziba pwani nikaliita bustani inayoelea. Nilipogeuka, watalii wangu walikuwa wameniacha. Watatu walikuwa wanamsalimia mchuuzi wa samaki aliyeolewa karibu na kwao, wakiulizana habari za mtu na mtu mpaka kizazi cha nne. Wawili walikuwa wananusa samaki wake aina ya ngege na kusema ni wa jana. Aliyebaki, yule wa koti, alinisikiliza kwa upole kisha akauliza, "Madam, choo iko wapi?"

Kabla sijamaliza, mwenyekiti wao akapiga makofi. Kwetu mtu hasafiri bila kuombewa, na Mama alikuwa amewaambia kwamba nasafiri. Si kwamba nimeomba kazi. Nasafiri. Wakatoa sanduku jekundu la magurudumu walilolichangia, wakaniweka katikati, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani. Kila mmoja aliomba kwa Dholuo, kwa sauti, yake mwenyewe, wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Mimi nilifumba macho nikiwaza jinsi nywele zangu zinavyoharibika.

Sikujua kuikata video, kwa hiyo niliituma nzima.

Wiki iliyofuata wakanihoji kwa simu ya video. Mwanamke aliyenihoji alisema sehemu ya ziwa waliipitia haraka, ila ya maombi waliitazama mara mbili. Akataka kujua yule aliyekuwa karibu na simu alisema nini, maana sauti yake haikufanana na za wengine.

Nikatabasamu tabasamu langu la mapokezi. "Huyo ni mama yangu. Anamwomba Mungu anipe kazi hii." Sikuwa nimesikiliza hata neno moja.

Siku tatu baadaye nikapata barua pepe ya kunishukuru na kunitakia kila la heri kwingineko. Nililia kwa kwikwi, mtu mzima na digrii yake. Mama akanipa pole, akasema Nyasaye, Mungu wetu, ndiye anajua, akarudi kukaanga omena, dagaa wa ziwani, huku akiimba wimbo wa kanisa chini chini. Ule wimbo ndio ulionitia shaka. Nikaenda nyuma ya nyumba na simu yangu, nikaziba masikio kwa vipokea sauti, nikasikiliza.

Picha ilianza kutetemeka pale pale maombi yalipoanza. Sauti ya Mama ilikuwa ya chini, karibu kabisa, kwa lugha yetu: "Nyasaye, huyu ndiye amebaki. Yule wa kwanza nilikupa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasema aende. Leo mjukuu wangu akiniona kwenye simu anajificha. Huyu usimpeleke. Ufunge huo mlango, lakini ufunge polepole, usimbane vidole."

Nilikasirika. Halafu nikaona haya, kwa sababu mgeni wa Uturuki, asiyejua neno letu hata moja, alikuwa amemsikia mama yangu, na mimi mfasiri hodari sikumsikia.

Nikaingia ndani, nikaweka simu mezani, nikaiwasha ile video. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akazima jiko.

"Ulimwambia Mungu anifungie mlango, Mama."

"Nilisema pole pole. Si umesikia nilisema pole pole?"

Akaenda chumbani, nikamsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alirudi na lile sanduku jekundu, akalipangusa vumbi kwa kanga yake, akalisimamisha kando ya kiti changu.

"Andikia wengine," akasema. "Hii mara nitashika simu, na nitanyamaza."