Matrikule ya Florentine

Florentine alitoka Moba na meli miaka miwili iliyopita, ana sanduku moja na diploma yake. Direkta wa shule yetu, Papa Apollinaire, akampa darasa la tano palepale. Haikupita miezi minane, akapata matrikule, ile namba inayomwingiza mwalimu kwenye mishahara ya serikali. Mimi Virginie, wa darasa la nne, nafundisha huu mwaka wa saba bila matrikule, naishi kwa kuuza mikate. Kwenye karatasi za serikali bado naitwa mwalimu mpya. Mpya wa miaka saba!

Nilimwonea wivu, sidanganyi. Nilichukia hata viatu vyake. Afadhali angekuwa mvivu. Lakini tangu masomo yawe ya bure watoto wamefurika, na yeye alikuwa na sabini na wawili, wote anawajua kwa majina, mpaka majina ya mama zao. Wazazi walipita mlangoni kwangu wakienda kumsalimia yeye. Roho iliniuma.

Mwezi wa pili mama yake akafa, akaenda Moba kuzika. Meli ya kurudi ikachelewa, na watu wa kuhesabu walimu wakafika. Sisi tuna kawaida yetu: mwenzako akikosekana siku ya hesabu, unasimama mbele ya watoto wake, unamjibia kwamba yupo, ametoka kidogo kwenda kituo cha afya. Florentine alinisimamia hivyo mara mbili, mwanangu alipougua.

"Mwalimu wa darasa la tano yuko wapi?" mkaguzi akauliza. Direkta akanitazama.

"Hayupo," nikasema. "Wiki ya tatu hii."

Mkaguzi akapiga mstari kwenye jina la Florentine. Halafu akapiga mwingine kwenye darasa lenyewe, kwa sababu darasa lisilo na mwalimu halilipiwi. Watoto wake akawasukumia kwangu. Sasa nina mia moja na arobaini na mmoja, na matrikule sina.

Jumamosi Florentine akashuka bandarini, akaja moja kwa moja kwangu, kichwa amenyoa kwa msiba, mkononi kifurushi cha ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani.

"Yaya Virginie," akaniita kama dada yake mkubwa, "direkta ameniambia watoto wangu uko nao wewe. Asante kwa kunishikia. Jumatatu nitakuja tuwafundishe wote wawili."

"Jina lako limefutwa," nikamwambia. "Hawatakulipa."

"Najua. Wewe umeweza miaka saba. Na mimi nitajifunza kwako."

Nikapokea ndagala.